Dawati lake lipo: namna ya kumpokea na kumlea mwanafunzi anayetibiwa saratani

Mwalimu mwenzangu, kila muhula napigiwa simu na walimu wa shule za jirani, na maswali ni yale yale. "Kuna mtoto amerudi kutoka Muhimbili, nimwambie nini?" "Darasa niwaeleze au ninyamaze?" "Akikosea nimwadhibu?" Mimi ni mwalimu wa malezi katika shule ya msingi ya serikali, na watoto wanne wenye saratani wamepita mikononi mwangu. Kwa yule wa kwanza nilidhani kazi yangu ni kumfariji, nikamfariji kila siku mpaka akaanza kunikwepa. Baadaye nikaelewa alichokuwa anakitaka kwetu: akute nafasi yake haijachukuliwa na mtu. Hatua zote zilizo hapa chini zimetoka kwenye jambo hilo.

Nakuandikia wewe mwenye watoto 80 darasani, usiye na chumba cha unasihi wala mafunzo ya saikolojia. Inawezekana kabisa.

Mambo machache ya kujua kwanza

Matibabu hayalingani. Aina ya saratani ya damu inayowapata watoto zaidi hutibiwa kwa miaka miwili hadi mitatu: wiki hizi mtoto yuko darasani, wiki zile yuko kliniki. Uvimbe wa taya, ule ambao daktari Denis Burkitt aliueleza akiwa Uganda mwaka 1958 na ambao bado unawasumbua watoto wa ukanda wetu, hukua kwa kasi ya kutisha, lakini ukiwahiwa kwa dawa huyeyuka upesi vilevile, na mtoto anaweza kurudi baada ya miezi. Wengine wana uvimbe wa figo. Wengine wana saratani ya jicho, na mara nyingi jicho hulazimika kuondolewa ili mtoto aishi. Usikisie, uliza mtoto wako ni yupi kati ya hawa.

Pia ondoa kichwani ile kauli ya kwamba saratani ni kifo. Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 80 katika kila 100 hupona. Kwetu bado ni vigumu, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 liliweka lengo la kufikia angalau watoto 60 katika kila 100 ifikapo mwaka 2030. Lakini wapo wanaopona, na huwezi kujua huyu wako ni yupi. Ukimtazama kama marehemu mtarajiwa, ataona. Watoto wanasoma uso wa mwalimu kuliko wanavyosoma ubao.

Vitu vya kuandaa

- Ridhaa ya mzazi au mlezi, iliyoandikwa na kusainiwa: nani aambiwe nini.
- Namba mbili za simu: ya mzazi, na ya wodi, kliniki au ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali anakotibiwa.
- Kaunta buku moja. Kazi yake nitaieleza.
- Kipimajoto.
- Ndoo ya maji yenye koki, na sabuni, karibu na mlango wa darasa.
- Mahali pa kuzungumzia: panapoonekana na watu, ila pasiposikika. Sisi tuna benchi chini ya mwembe. Usijifungie na mtoto ofisini.
- Kauli ya mwalimu mkuu kwamba mpango huu ni wa shule nzima. Bila hiyo, mwalimu wa zamu mmoja atauvunja asubuhi moja tu.

Hatua ya 1: Anza akiwa bado wodini

Wengi husubiri mtoto arudi. Umechelewa. Familia inayotoka mikoani kwenda hospitali kubwa kama Muhimbili, Bugando au KCMC inaweza kukaa huko miezi, na mtoto analala akiwaza kwamba darasa limeshamsahau.

Hapa ndipo kaunta buku inapofanya kazi. Kila siku mwanafunzi mmoja anaandika ukurasa: nani kafunga goli, mada ya Hisabati imefika wapi, mbuzi wa jirani kaingia darasani tena. Daftari likijaa kiasi, mpe ndugu anayekwenda hospitali alifikishe. Usiwaruhusu waandike "pole" kurasa nzima. Mtoto anataka habari.

Jambo la pili halikugharimu chochote. Ninapoita majina asubuhi, jina lake siliruki. Naliita, na darasa zima linajibu: "Yuko hospitali, anarudi!" Siku moja mama yake alipiga simu wakati naita majina, nikaiweka simu juu ya meza ili mtoto asikie. Alisikia. Mama aliniambia baadaye kwamba jioni ile alikula bila kubembelezwa.

Kwenye daftari la mahudhurio aandikwe mgonjwa. Asiandikwe mtoro hata siku moja. Uliza pia kama hospitali ina masomo ya wodini. Kwa Muhimbili, shirika la Tumaini la Maisha limekuwa likiwapatia watoto wa wodi hiyo masomo na michezo. Watumie walimu wa huko orodha ya mada zenu.

Hatua ya 2: Kaa na mzazi kabla ya siku ya kurudi

Swali la kwanza, kabla ya lolote: "Mama, mtoto mwenyewe anajua anaumwa nini?" Usishangae ukiambiwa hajui. Wazazi wengi huwaambia watoto kuwa ni malaria sugu, au uvimbe wa kawaida. Wanafanya hivyo kwa mapenzi. Wewe usiwe mtu wa kumfunulia mtoto jina la ugonjwa wake mbele ya ubao wa chaki. Mshauri mzazi azungumze na muuguzi au daktari wa wodi amsaidie kumweleza mtoto kabla hajarudi shuleni, kwa sababu wenzake watamwuliza, na mtoto asiye na jibu hubuni jibu la kutisha kuliko ukweli.

Kisha uliza: Kliniki ni tarehe zipi? Dawa gani anameza saa za shule? Daktari amekataza nini? Kitu gani kinamtuliza akiogopa? Andika yote.

Tahadhari: usiahidi msaada wa fedha, na usianzishe mchango mstarini mtoto akiwa amesimama pale. Nimeona bakuli likipitishwa huku mtoto akitazama chini. Kama shule inataka kuchanga, ichange kimyakimya, na fedha zimfikie mzazi mkononi.

Hatua ya 3: Muulize mtoto mwenyewe

Watu wazima wamemwamulia kila kitu kwa miezi: sindano, dripu, kulala, kuamka. Hapa mpe uamuzi. Mpe njia tatu achague: aeleze mwenyewe wewe ukiwa kando, ueleze wewe yeye akiwepo, au ueleze kabla hajafika. Kijana mmoja wa darasa la tano alizikataa zote tatu, akaomba karatasi. Aliandika majibu sita kwa penseli, bila maswali, akampa monita ayasome. La tatu lilikuwa: "Hapana, hamuwezi kuambukizwa, hata mkinywea kikombe changu." La sita: "Bado nacheza namba saba." Hakuna hotuba yangu ingefanya kazi kama ile karatasi.

Na kama atasema hataki darasa lijue, heshimu. Utawaambia tu kwamba alikuwa anaumwa, anaendelea na matibabu, na haambukizi.

Hatua ya 4: Zungumza na darasa

Dakika 20 zinatosha. Maneno ninayotumia ni haya:

"Mwili umejengwa kwa vitu vidogo sana vinavyoitwa seli. Kwa mwenzenu, baadhi ya seli zilianza kukua ovyo. Huo ugonjwa unaitwa saratani, wengine huita kansa. Hauambukizi kwa kushikana, kula pamoja wala kukaa dawati moja. Hakuna aliyemfanyia. Hakukosea kitu. Dawa zake ni kali, zinamchosha na zinabadilisha mwili wake kwa muda. Sisi ndio tunaoweza kumwambukiza yeye mafua na homa, kwa hiyo tutanawa mikono."

Halafu ruhusu maswali. Jiandae kwa matatu yatakayokuja kwa uhakika.

"Ni ukimwi?" Jibu: hapana. Na hapo hapo ongeza kwamba hata angekuwa na virusi, tungemtendea vilevile, maana darasani kwako yumkini yumo mtoto mwenye virusi anakusikiliza.

"Amerogwa?" Jibu kwa upole, usiwacheke, wamelisikia nyumbani. Sema madaktari wanaujua ugonjwa huu, wanauona kwenye vipimo, na watoto wanaupata dunia nzima.

"Atakufa?" Usikwepe na usiahidi. Mimi husema: "Madaktari wanafanya kazi ili apone, na watoto wengi wamepona. Leo yupo na sisi, na kesho tuna mtihani wa Sayansi pamoja naye."

Hatua ya 5: Wafunge walimu wote kwenye mpango mmoja

Hatua hii ndiyo huvunjika zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Viboko: hapana, kabisa. Dawa za saratani zinaweza kupunguza chembe za kugandisha damu, na pigo dogo likavujisha damu ndani kwa ndani. Hata ukiacha hilo, mtoto aliyetoka kuchomwa sindano za uti wa mgongo hatakiwi kumwogopa mtu mwingine mwenye kitu mkononi. Mwalimu wa zamu aonyeshwe mtoto huyu kwa jina na kwa uso.

Mchakamchaka, kufyeka, kuchota maji, kudeki: asipangiwe kwa nguvu. Lakini usimwache bila kazi, kwa sababu kukosa zamu nako ni kutengwa. Apewe kugawa madaftari, kufuta ubao kama vumbi halimsumbui, kutunza saa ya mechi.

Maji na choo: aende bila kuomba ruhusa. Kofia: aruhusiwe. Katika shule zetu watoto wote hunyolewa, kwa hiyo kichwa kisicho na nywele hakimfichui sana. Kinachomfichua ni nyusi zilizopukutika, uso uliovimba, kovu, jicho. Aliyepoteza jicho akae upande ambao jicho zima linaona ubao na wenzake, na usimsogelee ghafla kutoka upande asioona.

Mwandiko na akili: dawa iitwayo vinkristini inaweza kulegeza vidole na nyayo kwa muda. Mwandiko unaharibika, anajikwaa. Baadhi ya matibabu, hasa ya kichwa na uti wa mgongo, hupunguza kasi ya kufikiri na kumbukumbu. Mwalimu asiyejua ataandika "mvivu" kwenye ripoti. Mpe muda zaidi, maswali machache, ajibu kwa mdomo inapowezekana.

Hasira na njaa: kuna vipindi anapewa dawa za steroidi. Uso unajaa, njaa haishi, na mtoto mpole anaweza kulipuka kwa jambo dogo. Siku hizo mruhusu atafune kitu, na ugomvi mdogo uupite. Mipaka mingine ibaki. Akimpiga mwenzie, aombe radhi kama wengine.

Picha: hakuna mwalimu kumpiga picha na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Hata kwa nia ya maombi.

Hatua ya 6: Wiki ya kwanza

Aje nusu siku. Asiingizwe mstarini na kutangazwa. Afike watoto wakiwa wameshaingia darasani, au mapema kabla yao. Dawati lake liwe pale pale, na jirani yake awe yule yule. Chagua rafiki wawili wa kuwa naye, siyo mmoja, kwa sababu mmoja atachoka au ataugua mafua.

"Pole" moja inatosha. Walimu 15 wakimpa pole kila asubuhi, kila asubuhi anakumbushwa. Mwulize kazi ya nyumbani.

Hatua ya 7: Dakika kumi kila wiki

Siku moja, saa ile ile, chini ya mwembe. Chora nyuso tano kwenye karatasi, kutoka anayecheka hadi anayelia, umwambie aguse wa leo. Akigusa wa kati au anayelia, uliza: "Huyu anawaza nini?" Mtoto humsemea huyo wa kwenye karatasi maneno asiyoweza kujisemea. Wakati mwingine hatasema kitu. Kaeni tu, menyeni chungwa. Dakika kumi za kimya zinahesabika.

Usiseme: "Usilie, wewe mwanaume." Usiseme: "Utapona tu, usijali," kwa sababu kitandani kwa jirani yake wodini huenda ameona mtoto hakupona, na akijua kuwa unamdanganya hatakuambia tena. Sema: "Hilo linaogopesha kweli. Nini kilikusaidia siku ile?"

Akikuambia siri, mweleze mapema kwamba utaitunza, isipokuwa jambo linaloweza kumdhuru.

Hatua ya 8: Mtafute ndugu yake

Mara nyingi dada au kaka yake yuko shule hiyo hiyo, darasa jingine. Mama yuko Dar es Salaam miezi minne, mtoto huyu analala kwa shangazi, anapika, na hakuna anayemwuliza yeye anaendeleaje. Nilimgundua mmoja kwa sababu alianza kusinzia darasani. Alipofungua mdomo alisema anaamini yeye ndiye aliyesababisha, kwa kuwa walipigana akamgonga mdogo wake kichwani. Alilibeba hilo peke yake mwaka mzima. Mpe na yeye dakika kumi zake.

Dharura za mwili: usisubiri mzazi amalize kazi

- Homa ya nyuzi 38 au zaidi: hospitali siku hiyo hiyo, sasa hivi. Usimpe panadol kwanza ili "uone kama itashuka". Kinga yake ikiwa chini, maambukizi yanaweza kumzidi kwa saa chache.
- Kutokwa damu puani au kwenye fizi isiyokoma, au madoa mapya ya damu kwenye ngozi: vilevile.
- Tetekuwanga au surua imeonekana darasani: mpigie mzazi siku hiyo, naye aipigie wodi, hata kama mtoto haonyeshi dalili yoyote.

Ukikwama

*Anakataa kuja shule.* Usimburute. Uliza ni saa ipi ya siku inayomtisha. Mara nyingi ni mapumziko, au choo, siyo darasa. Rekebisha hapo, na aje kwa somo moja analolipenda.

*Wanamtania.* Mwite anayetania peke yake, bila hasira, umpe kazi ya kumlinda. Mara nyingi anayetania ndiye anayeogopa zaidi. Kama matusi yanatoka kwa mtu mzima, hilo ni la mwalimu mkuu siku hiyo hiyo.

*Nahisi anautumia ugonjwa kukwepa kazi.* Inawezekana, na ni dalili nzuri, maana ni utoto wa kawaida. Punguza kazi, usiifute.

*Amebadilika, na imepita wiki mbili.* Hali chakula, halali usingizi, anaota ndoto mbaya, anakataa dawa, hacheki na wale waliokuwa wanamchekesha. Hapo umefika mpaka wako. Mjulishe mzazi, na pamoja naye iambieni kliniki yake au ustawi wa jamii. Akisema anataka kufa au kujidhuru, usimwache peke yake hata dakika, na msaada utafutwe siku hiyo. Huduma ya simu kwa mtoto, namba 116, hupigwa bila malipo Tanzania na Kenya. Hata wewe mwalimu unaweza kupiga kuomba ushauri.

*Familia inataka kuacha matibabu.* Uvimbe umepungua, nauli imekwisha, kuna mtu amewaambia kuhusu mganga. Kuacha dawa katikati ni miongoni mwa mambo yanayowaua watoto wengi wa nchi zetu. Usibishane na imani yao. Uliza kilichokwama ni nini. Kama ni nauli au mahali pa kulala, ustawi wa jamii wa hospitali ndio mlango. Piga simu ukiwa umekaa nao.

*Ugonjwa umerudi.* Kaunta buku inarudi kazini siku hiyo hiyo. Jina linaitwa, darasa linajibu.

*Mtoto amefariki.* Waambie darasa wewe mwenyewe, asubuhi, kabla ya uvumi, na useme "amefariki". Usiseme amelala, wadogo wataogopa kulala. Usiseme amesafiri, watamsubiri. Mwache anayelia alie na anayetaka kwenda kucheza acheze. Watoto huomboleza kwa vipande. Jina lake usilikate kwenye daftari la mahudhurio mbele yao. Dawati liache mpaka mwisho wa muhula, kisha waulize wao lifanyiwe nini. Rafiki zake wawili wape dakika kumi zilizokuwa zake, na ndugu yake usimwache kamwe.

Ile kaunta buku mpelekee mama yake. Nenda na wale rafiki wawili, wazazi wao wakikubali, na ukurasa wa mwisho waandike wao.